Bwawa la Mama Bilonda limefungwa, halijaachwa

Jua linachomoza juu ya nyumba za mtaa wa Kapata, na Mama Bilonda anapita kwenye uwazi ulioachwa katika ua wa waya unaojengwa na kampuni akiwa na kitunga kichwani na vigoda viwili mkononi. Mechack, mlinzi wa kampuni, anamcheka.

"Mama, leo tena? Samaki bamekupa rendez-vous, mukutane?"

"Ndiyo, bo njo bananingojea. Weye uko unalinda waya tu, maskini."

Anafika bwawani, pale kijito kinapotulia kabla ya kuingia mto Lualaba. Hatumbukizi kitunga. Anakifudikiza chini, anakaa, anatoa rozari yake.

Tangu zamani za bibi zake, mvua ya kwanza ikinyesha, mwanamke mkubwa wa ukoo hufunga fungu la majani kwenye mti uliosimikwa mdomoni mwa bwawa. Hapo hakuna anayevua, hata akiwa na njaa, mpaka maji yapungue. Samaki wanazaa. Kiangazi Mama Bilonda hufungua majani, na wanawake huingia pamoja na vitunga, wakiimba. Mumewe alipofariki, samaki wa hapa ndio waliowasomesha watoto.

Lakini wakala wa kampuni alikuja kupima ardhi katikati ya mvua. Hakuona mtu. Akaandika kwamba bwawa halitumiki, na waya ukaanza kuzunguka.

"Mi sikuacha mayi ya bwawa, nilifunga!" anasema kila akiulizwa, na sauti inapanda. "Ukifunga mulango ya nyumba yako, uende kwenye misa, mutu atasema nyumba haina mwenyewe? Majani aliyaona. Alizani ni uchafu!"

Alilalamika. Akajibiwa kwamba wakala atarudi kabla mvua haijaisha; akikuta watu wanavua, ataacha njia ya kufika bwawani. Asipowakuta, uwazi utazibwa.

Wivine, mdogo wake, anayekausha samaki pamoja naye, amechoka kumsihi kila jioni nyumbani. "Yaya, dada yangu, ingiza kitunga mara moja tu. Baone, baende. Mungu atatusamehe."

"Nikamate mama ya samaki na mayai mu tumbo, juu ya kufurahisha mutu wa kuvaa bilatu mu miguu? Na mwaka kesho tutakula nini, bilatu yake?"

Wivine anageuza uso, anacheka bila kupenda. Lakini anajua uwazi ule ukizibwa, hakutakuwa na mwaka kesho wa kuzungumzia.

Kwa hiyo Mama Bilonda anakuja kila asubuhi, ili wakala akute mtu.

Mechack amemfuata mpaka bwawani. Anakitazama kigoda cha pili, kitupu. "Na hiki ni cha nani? Niikale juu yake?"

"Acha! Ni cha mukubwa wako, ule mwenye kupima udongo. Ataniuliza niko nafanya nini, nitamuambia: niko nafunga. Kama hajue kuandika 'kufunga', aikale hapa na mi, mpaka mayi ipunguke."

Anakipangusa kigoda kwa ncha ya kitenge, anakisogeza karibu na chake, anaendelea na rozari.