Vichanja vya Speciosa na Intaneti Iliyoogopa Mbalamwezi

Speciosa Barakamfitiye ni binti wa Melkiades aliyepanda michikichi ya kwanza kwenye mteremko wetu wa Gatete, kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, na mjukuu wa Mariyamu aliyezalisha karibu ufukwe huu wote kwa mikono yake. Yeye mwenyewe alivushwa ziwa mgongoni mwa mama yake mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya huku kwetu, akakulia Katumba kule Tanzania, akarudi mama mzima, na Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi tuliobaki tunacheka akiagiza chumvi. Shamba la baba yake alilikuta na watu wengine. Akaketi nao, wakagawana mpaka bila mtu kuinua panga, na leo wanaombana moto. Alimzika mume, akasomesha watoto kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Na ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuweka intaneti ya nyumbani. Hiyo ndiyo habari yangu.

Simu zetu huku chini karibu na maji zinashika kijiti kimoja cha mtandao, na kuna siku hata hicho hakionekani. Lakini Speciosa hakutaka intaneti ya kutazama watu wanaocheza. Alikuwa na shemeji. Revokatus, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alibaki Katumba wenzake waliporudi, na sasa magoti hayamruhusu kupanda basi. Ni yeye mkubwa wa ukoo. Mtoto akizaliwa, Revokatus aseme. Shamba likigawanywa, Revokatus aseme. Na mzee huyo anapenda kuonekana akisema.

Kampuni ikamtuma fundi, Léonard, kijana mpole wa pikipiki. Akazunguka nyumba nzima na kisanduku cheupe cha intaneti akiangalia simu yake, mwisho akakiweka kwenye dirisha la sebule linalotazama mlima wenye mnara wa simu.

“Mama, hapa ndipo panashika vizuri. Usikihamishe.”

Speciosa akakifunika kitambaa cha kushona kwa sindano, chenye maua, kama tunavyofunika redio na kila kitu tunachokiheshimu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Revokatus aliingia sebuleni kila jioni kwa simu ya video, akauliza hata habari za mbuzi. Kisha siku moja akaanza kukatika. Neno linatoka, lingine linabaki Katumba. Uso unaganda, jicho moja limefumba. Hali hiyo ilikaa siku kadhaa, ikapona yenyewe, majuma machache mbele ikarudi.

Speciosa si mtu wa kukaa akashika tama. Alitoa kile kitambaa, labda sanduku linakosa pumzi. Haikusaidia, akakirudisha. Akazima, akahesabu pole pole kama alivyofundishwa, akawasha. Bado. Akasema ni vijana wanaokaa kwenye uzio wake na simu zao, wanamnyonya. Akabadilisha neno la siri, akaweka jina la bibi yake na la babu na la kilima, refu kiasi kwamba kesho yake hakulikumbuka, akabaki nje ya intaneti yake mwenyewe huku vijana wakimcheka.

Fabiola, jirani yake aliyetoka ng'ambo ya Kongo na mumewe mvuvi, ndiye anayeanika naye ndagala. Yeye, ambaye mtandao anauita rezo, alikuwa na jibu tangu mwanzo.

“Mama Eliana, ni mwezi. Angalia juu. Kila mwezi ikiwa kubwa, rezo inakufa. Mwezi inatukimbizia ndagala, sasa imeanza kutukimbizia na rezo.”

“Fabiola, mwezi uko mbinguni. Utafanya nini kwenye sanduku langu?”

“Mimi sijue. Minakuambia tu kile minaona.”

Na kweli ilikuwa hivyo, hilo ndilo lililomkera. Akamwita Léonard. Lakini kwa kampuni unasubiri zamu yako, na kila Léonard alipofika mbalamwezi ilikuwa imeshapita, intaneti inakimbia kama maji.

“Mama, sanduku hili liko sawa kuliko la kwangu.”

“Basi tubadilishane!”

Akampa chai na mkate, akamwacha aende. Angemfanya nini?

Sasa, Eliana, kitinda mimba wa Speciosa, mwalimu, akapata mchumba mtu wa Kigwena, kijiji kingine cha ziwani. Ukoo wa kijana ukaleta salamu. Kwetu sherehe tunaziweka siku za mbalamwezi, kila mtu wa ziwani anajua sababu: mwezi ukiangaza, ndagala hawafuati taa za mitumbwi, wavuvi wanalala nyumbani. Ukiweka sherehe siku za giza utakula na wanawake peke yao. Kwa hiyo wageni walikuja mwezi ukiwa mpevu, na Revokatus akawekwa kwenye simu ili awapokee.

Msemaji wao alikuwa mzee Lameki, mwembamba, fimbo mkononi, ulimi kama wembe. Revokatus akafungua kinywa kusema karibuni, akaganda hapo hapo, kinywa wazi.

Lameki akainama kutazama simu. “Huyu mukubwa wetu iko anatukaribisha ao iko anapiga mwayo?”

Watu wakaangua kicheko. Hata Eliana alificha uso. Kule Katumba Revokatus hakuona mzaha hata kidogo. Sauti iliporudi ilirudi na hasira.

“Shemeji, sikiliza. Siku ya kumtoa binti, neno la kumtoa ni langu. Halisemwi na mtu mwingine, wala halisemwi vipande vipande mbele ya watu wakicheka. Sauti yangu ikikatika tena, nafunga simu, na mtoto anabaki nyumbani mpaka nitakapopona magoti.”

Lameki naye hakukubali kushindwa. “Na sisi hatubebe bibi-arusi kwa nusu ya neno.”

Magoti ya Revokatus yalikuwa hayaponi. Hilo tulilijua wote. Kijana wa Kigwena alikuwa anasubiriwa na kazi Bujumbura, naye alitaka kwanza amwache mke kwa mama yake, na Eliana akaanza kukonda. Na siku ya kumtoa ikapangwa, wapi? Katika mbalamwezi iliyofuata.

Ijumaa, kesho yake wageni waje, nilikuwa uani kwa Speciosa nachambua mchele. Lazima nieleze vichanja. Zamani sisi tulitandaza ndagala mchangani, na ukila unatafuna ziwa. Siku hizi zinaanikwa juu ya vichanja, fremu za mbao zilizowambwa waya wa chuma wenye matundu madogo, vimelazwa juu ya nguzo fupi kama vitanda. Siku za mbalamwezi hakuna cha kuanika, kwa hiyo wanawake wanavishusha, wanavisugua, wanavisimamisha ukutani vikauke, mbwa wasivikanyage. Wanavipanga kwenye ukuta wa sebule, unaopata jua.

Fabiola alikuwa anasugua. Speciosa alikuwa dirishani na simu, anamsikiliza Revokatus akitoa amri kuhusu vinywaji. Sauti ilikuwa safi. Fabiola akainua kichanja cha kwanza, akakiegemeza ukutani mbele ya dirisha la kisanduku, akaleta cha pili mbele yake, kisha cha tatu.

“...na bia ya ndizi iwe ya... iwe... shem...”

Uso ukaganda. Speciosa akageuka kumgombeza mtu yeyote atakayempata. Wakati huo Fabiola akaona magamba yamebaki kwenye waya, akavirudisha vichanja chini asugue tena.

“...ya kutosha wazee wote. Umesikia?”

Speciosa akachungulia nje. Alimtazama Fabiola, akatazama simu.

“Fabiola, virudishe.”

“Havijatakata.”

“Virudishe hivyo hivyo.”

Akavirudisha. Revokatus akaganda. “Vitoe!” Akavitoa. Revokatus akasema. “Virudishe!” Kichanja hiki juu, kichanja hiki chini, mpaka mzee akapandwa na hasira kule aliko.

“Speciosa! Mbona unanifungua na kunifunga kama bomba la maji?”

“Samahani shemeji, nakujaribu.”

“Unanijaribu? Mimi?”

Lakini Speciosa alikuwa ameshakata simu, anacheka peke yake kwa sauti, amemshika Fabiola mabegani. Akampigia Léonard. Nilimsikia kijana akipiga kelele upande wa pili.

“Chuma, Mama! Waya wa chuma! Sauti inatoka mnarani inanasa pale kama samaki kwenye wavu. Na mimi kila nikija, vimelala na ndagala juu! Ningejuaje?”

“Ungekuja siku ya mwezi, ungejua.”

“Siku ya mwezi niko kwenye harusi, Mama, kama watu wote.”

Jioni hiyo vichanja vyote vikalazwa kwenye majani, pembeni kabisa mwa ua. Eliana alikula sahani nzima ya wali.

Jumamosi wakaja. Turubai, viti vya kanisa, spika ya kanisa. Simu ikawekwa juu ya kiti cha mkubwa, na Revokatus ndani yake kavaa koti na tai. Lameki akaomba kwa maneno marefu ya mzunguko kama inavyotakiwa, tukamzungusha nasi tulivyoweza, kila mtu akafurahi. Ikafika zamu ya Revokatus. Akajikohoza.

“Mimi, kwa niaba ya baba zangu...”

Na hapo ndipo vijana wa Kigwena walipotuonyesha adabu yao. Wamelelewa vizuri, siwezi kusema vingine. Wanawake wa kwao walikuwa wamebaki wamesimama pembeni, majani yamejaa vichanja. Vijana wakaona ni vibaya kukaa wakati ua wa wakwe umejaa vitu, wakainuka kimya kimya, wakabeba vichanja, na wakavipanga mahali ambapo kila mtu wa ziwani anavipanga. Ukutani.

“...na kwa nia... ya... ba...”

Tai ikaganda. Lameki akainua kidevu. 

Tazama basi mkao wa Speciosa. Mama wa binti siku hiyo anakaa, macho chini, ndani ya imvutano yake, vazi letu la sherehe, hasemi neno mbele ya wakwe. Kuwapigia kelele vijana wa watu wanaomsaidia, hata kuwaza huwezi. Kunong'ona kungehitaji kupita katikati ya wageni. Nilimwona anashika ukingo wa kiti. Kwenye simu Revokatus akarudi kidogo, “nasema mara ya mwi...”, akapotea tena, na tulijua kidole chake kilikuwa njiani kufunga simu.

Speciosa akasimama. Akakaza imvutano kiunoni, akatembea mpaka ukutani bila haraka, akainua kichanja kichwani kama siku ya kazi, akaenda kukilaza nyuma ya jiko. Akarudi akachukua kingine.  Ua wote ulisikia viatu vyake.

Lameki akashindwa kuvumilia. “Mama mukwe anaanika ndagala za nani leo, na mwezi iko?”

Hakujibu, maana hatakiwi kujibu. Akabeba cha tatu. Spika ya kanisa ikanguruma:

“...ya mwisho! Kama hamnisikii semeni!”

“Tunakusikia!” tukapiga kelele wote, hata wa Kigwena.

Lameki akatazama simu, akatazama ukuta, akamtazama mama mtu mwenye kichanja kichwani. Akaweka fimbo chini. “Haya, vijana, simameni! Munamuacha mama abebe peke yake?” Na yeye mwenyewe, mzee wa watu, akashika upande mmoja wa kichanja kilichobaki. Wakapita nacho mbele ya wageni, Speciosa na msemaji wa wakwe, kama watu waliozoea kufanya kazi pamoja.

Revokatus alisema yote. Alisema kwa urefu, Mungu amsaidie, alianza na babu wa babu. Mwisho akasema, “Binti yetu Eliana tumewapa.” Hakuna silabi iliyopotea. Akina mama wakapiga vigelegele.

Wakati wa kula, mama wa kijana alimwinamia Speciosa akamwambia kwamba na kwao Kigwena wana kisanduku kama hicho, na kila mbalamwezi kinakuwa kama kimekufa. Wanaanika sana kule. Speciosa akatikisa kichwa tu, akamwongezea samaki.

Lakini asubuhi ya harusi, Eliana akisukwa nywele, Speciosa alifunga mlango wa chumba akamwambia, na mimi nilikuwepo nimeshika kitana:

“Mwanangu, Kigwena kuna vichanja. Usiende ukavihamisha siku ya kwanza, watasema bibi-arusi amekuja kutawala. Mwombe mama mkwe akupe kazi ya kuvisugua. Ukishapewa ni vyako. Ukimaliza kusugua, vilaze nyuma ya jiko, kila mbalamwezi, hata kama hakuna anayekuangalia. Na jioni hiyo hiyo unipigie.”