Karatasi ya Mjane wa Ekero

Tangu nilipostaafu kufundisha historia, sebule yangu hapa Kakamega imejaa karatasi: vijikaratasi vya siri vya vyama vilivyopigwa marufuku, mabango ya Weusi wa Marekani waliokunja ngumi, beji za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Marehemu mke wangu alinisaidia kuzipanga. Siku hizi wageni wachache wanaofika huuliza kama nauza chuma chakavu pia.

Mwaka jana, kwenye matanga fulani, nilisikia habari za mjane mmoja wa karibu na Ekero. Mumewe, karani, alifungwa zamani kwa kusambaza karatasi za kuipinga serikali, na inasemekana moja ilibaki. Nikapanda bodaboda hadi kwake.

Alinikaribisha chai, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa plastiki.

"Walipekua nyumba nzima," alisema. "Hii nilikuwa nimeificha ndani ya leso niliyombebea mtoto mgongoni."

Nilinyoosha mkono. Hakunipa mara moja.

"Mimi sikusoma, Mwalimu. Mzee alikataa kuniambia imeandikwa nini. Alisema nisipojua, hawatanisumbua. Aliporudi kutoka jela hakuwa mtu wa maneno tena. Na watoto niliogopa kuwaonyesha. Nisomee."

Ilikuwa ukurasa mmoja, umepigwa taipu, wino umefifia. Nikasoma polepole. Mashamba wapewe wanaoyalima. Wafungwa wa siasa waachiliwe. Watu waseme bila woga. Nilimaliza kusoma chai yangu ikiwa bado moto.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

"Haya hata pasta wetu anayasema kanisani!" Akaichukua ile karatasi, akailainisha magotini. "Mimi nilidhani ni jambo baya. Nilimkasirikia mpaka akafa. Tulikuwa tunakula obusuma, ugali wetu, meza moja kama watu wasiojuana."

Nilikuwa nimesoma mamia ya karatasi kama ile, nikizitazama chapa na wino wake, wala sikuwahi kumsomea mtu hata moja.

"Ulitaka kuichukua," alisema.

"Nilitaka, Mama."

"Niachie kwanza. Lakini uje tena unisomee."

Nilirudi mara mbili. Kila mara alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na kila mara alinikatiza palepale, kwenye maneno ya kusema bila woga, ili anieleze jambo moja la mumewe: jinsi alivyokuwa akicheka, jinsi alivyochana nywele.

Mara ya tatu nilikuta kaburi bado bichi. Mwanawe alinisalimia kwa heshima, akasema mama aliagiza azikwe na karatasi fulani, na wao hawakuuliza ni ya nini. Akanitazama, labda akitumaini ningemweleza.

Nilimwomba kiti. Tukakaa, nikaanza kumsomea maneno yale kutoka kichwani, naye akazima redio.