Fremu ya Baba Mkwe

Watu wa Kasulu wana maneno. Waliponiona natengeneza pikipiki nyuma ya duka langu la dawa za mifugo, wakaibatiza Makande, kwa kuwa kila kilichopatikana kilitumbukizwa humo. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyogonga ng'ombe. Tangi nililinunua Manyovu kwa mtu mwenye haraka ya kurudi Burundi. Breki nilizitoa kwenye pikipiki kubwa ya mradi uliokwisha, na hizo ndizo nilizojivunia kuliko vyote. Ukizigusa tu, chombo kinasimama.

Fremu alinipa baba mkwe. Alikuwa bwana shamba Kibondo na aliipanda miaka yote ya kazi yake, kisha ikalala bandani, kuku wakaitagia. Shingoni ina kiraka cha chuma alichochomelea mwenyewe. Aliponikabidhi alisema nikiifikisha uani kwake inatembea, siyo juu ya lori, ndipo ataamini kuwa binti yake hakuolewa na muuza maneno. Alisema akicheka, lakini yaliniingia. Tangu hapo kila bolti niliyoikaza, nilimkazia yeye.

Makande ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikizimwa ikiwa ya moto, haiwaki mpaka ipoe kabisa, hata uisukume ulimi utoke nje. Mke wangu alinishauri niitibu kwanza. Nikamjibu kwamba sitaizima mpaka Kibondo, yeye apike tu chakula chake.

Jumamosi moja nikaondoka. Ekzosi nilikuwa nimeikata mwenyewe ili mlio unoge, na kweli ulinoga. Nilipokaribia Makere nikaona turubai na wanaume wamekaa kwenye mabenchi kando ya barabara, kimya. Msiba. Huku kwetu hata mtoto anajua: unashuka, unazima, unasukuma chombo chako mpaka uvuke. Mbele yangu mtu wa baiskeli, na mikungu yake ya ndizi, alishuka akasukuma ingawa ulikuwa mteremko. Nilimwona vizuri kabisa. Nikawaza kwamba nikizima nitakwama hapa mbele ya kadamnasi, nimalizie safari juu ya lori. Basi nikapunguza mwendo kidogo, kama vile hiyo inatosha, nikapita naunguruma. Mzee mmoja aliinuka kwenye benchi. Sikugeuza shingo.

Kibondo mama mkwe alinikaribisha kwa mbali, kama ilivyo desturi. Akasema mzee hayupo, ameondoka alfajiri kwenda Makere kumzika rafiki yake waliyefanya kazi pamoja.

Nilitamani niwashe nitoroke, lakini mashine ilikuwa ya moto. Nikaketi kwenye kigoda nikiitazama, chakula kikaletwa, kikapoa. Aibu nimewahi kuonja, lakini ile ya kumsubiri uliyemkosea arudi akukute nayo sikuwa naijua.

Alishuka kwenye gari la abiria jua likizama, koti begani. Akanisalimia, akauliza hali ya wajukuu. Kisha akaizunguka pikipiki taratibu na kukipapasa kile kiraka. Nikaanza kuomba radhi, akaniashiria ninyamaze.

"Niliitambua fremu yangu ukiwa bado mbali," alisema. "Nikasimama niwaonyeshe wenzangu mkwe wangu."

Nilimwuliza tu, kwa sauti ndogo, wenzake walisemaje.

"Waliuliza huyu ni mtoto wa nani asiyejua kushuka. Nikawaambia, mkwe wangu breki zimemkatikia."

Akaingia ndani kunawa. Kwa miaka yote niliyomjua sijamsikia mzee yule akisema uongo, na huu aliusema msibani kwa rafiki yake. Nilibaki uani, mkono wangu juu ya breki ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.