Waliokaa Chini ya Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Rumonge, chef, mkuu wa mafundi wa umeme, hakunipandisha nguzoni. Aliniketisha chini, katikati ya wenye groupe, yaani jenereta. "Mutoto," aliniambia, "fusible inaangalia upande moja tu. Kaa hapa ujifunze ule mwingine."

Vijana, nieleze. Zamani umeme ulitoka upande mmoja, kituo kikuu. Waya ukianguka, fusible, yaani fyuzi, iliungua na laini ikafa. Vita vilipokuja, nguzo ziliangushwa kila mara, na mwenye uwezo alinunua groupe: kinu cha mawese, wauza barafu wa Minago, hata maternité, hospitali ya wazazi. Wakiwasha bila kujitenga na laini, umeme uliingia kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa mdogo mno kuishtua disjoncteur yoyote, swichi inayojikata yenyewe, lakini fundi aliye juu ulimtosha.

Kwa hiyo chef alikuwa na sheria yake. Kila mwenye groupe alileta mkono wake wa chuma wa kuwashia, akakaa nao chini ya nguzo mpaka fundi ashuke. Watu ambao vita vilikuwa vimewanyima hata salamu walikaa pale bega kwa bega, na mimi nilikipenda sana kikao kile.

Siku moja, nimeshavaa mshipi wa kupandia, muuguzi wa maternité, Zaituni, alikuja na kipande cha kebo tu.

"Groupe inazunguka, chef. Mama iko anazaa, mwenzangu iko naye, siwezi kuizima. Nimeitoa ku laini, kebo yenyewe ndiyo hii."

Chef alisema kebo si mkono wa chuma, na kwamba hata mimi nina mama. Zaituni akaketi.

"Akiumia, mutaniuliza mimi. Sitoki hapa mupaka ashuke."

Chef alipima laini, akafunga nyaya zote kwenye ardhi ili umeme wowote uishie huko, kisha akaniachia mwenyewe niamue. Nilipanda. Kila nilipotazama chini Zaituni alikuwa ananitazama, kebo mapajani. Nilishuka mzima.

Tangu siku hiyo alikuja kila nguzo niliyopanda, hata groupe ya maternité ilipokufa kabisa. Watu walimcheka: analinda nini? Nikamwoa.

Leo nimestaafu. Nasikia kuna vyombo vinavyonusa umeme wa pande zote mbili, na nafurahi kwa ajili yenu. Juzi nilitaka kupanda paani kugongea bati. Zaituni, na magoti yake mabovu, alitoka na kigoda, akakaa chini ya ngazi. Nikamwambia huko juu hakuna umeme.

"Panda," alisema. "Sitoki mupaka ushuke."