Nimelala kifudifudi kwa ajili ya uyoga

Leo nimesomewa Ayatul Kursi nikiwa mzima wa afya.

Nilikuwa njia ya Kipungani, napiga picha mimea na wadudu wanaotoka baada ya mvua, kama kawaida yangu. Chini ya mti wa mkoma nikaona uyoga mwekundu, mdogo kama kifungo cha kanzu. Picha ya uyoga kama huo huipati ukisimama.

Nikalala kifudifudi mchangani na buibui langu mwilini, simu mkononi, pumzi nimezibana.

Wanawake wawili waliotoka kukata miaa wakaniona. Mwanamke kalala chini ya mti peke yake, hatikisiki? Kwetu huyo ana jini.

Nikashtukia mkono kichwani na aya sikioni. Kisha maji ya chupa, mgongo mzima!

Nikaruka. Mmoja akatimua mbio, kandambili akaziacha hapo hapo. (Nyinyi mngenisomea au mngekimbia? Semeni kweli.)

Mwenzake, Bi Esha, msuka mikeka, akabaki amenikazia macho. "Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, Bi. Napiga picha uyoga."

Nikamuonyesha simu. Akaitazama weee.

"Ndia hii naipita tangu utotoni. Huu sijapata kuuona."

Kufika nyumbani Amu, habari imenitangulia. Mama yuko mlangoni: "Mwanamke mzima hulala ndiani?"

Hulala, mama. Na kesho atalala tena.

Bi Esha kasema nisijilaze mchangani kama sina watu. Mkeka anakuja nao yeye, wa kututosha wawili.