Spea Mbovu Kutoka Ukingo wa Kreta

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nami niliogopa vitu viwili: kuulizwa nimesomea wapi ufundi wa redio, na mtambo kunyamaza mikononi mwangu. Ufundi nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kisicho na sura ya mwisho. Sura hiyo ndiyo iliyohusu hitilafu. Aliyekuwa nacho kabla yangu alifungia tumbaku kurasa zake.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Kituo chetu cha askari wa wanyamapori kilikuwa ukingoni mwa kreta, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila hodi. Kila asubuhi saa mbili niliita Arusha na kutaja hali ya barabara. Kisha barua ikaja: kituo kikikosa kusikika siku tatu mfululizo, mtambo utaondolewa na mwendeshaji atarudi kwao. Kwetu ni Daa, na nilikuwa nimeaga kijiji kizima kwa mbwembwe.

Jumatatu hatukusikika. Jumanne hatukusikika.

Mtambo ulitumia betri ya gari. Kisanduku cha kupandisha umeme kilinguruma kama mzinga wa nyuki, lakini kila nilipobonyeza kitufe ili niseme, nyuki wote waligeuka inzi mmoja mgonjwa. Mtambo ukiwa umezimwa, mshale wa kipimo ulisimama kwenye volti kumi na mbili. Nikisema, ulianguka hadi tisa. Nikazima, nikapima: kumi na mbili. Nikawasha ili nihakikishe: tisa. Nilifanya hivyo mpaka chai ikapoa.

Nilishuku unga. Betri yetu ilichajiwa Karatu, kwa mzee mmoja mwenye duka na mashine ya kusaga mahindi, aliyefunga dainamo kwenye mkanda wa injini ya mashine. Ilirudi kila mara ikiwa nyeupe kwa unga, kama andazi ambalo halijakaangwa. Jumanne ile ile, baada ya kukosa Arusha, niliipakia kwenye lori la kituo nikampelekea.

Aliichaji hadi mchana, akaiunganisha kwenye gari lake. Likawaka mara moja.

“Bwana mdogo, betri ni nzima.”

“Labda unga umeingia, mzee.”

“Unga huu wanaula kuanzia hapa mpaka Endamarariek. Hujasikia mtu aliyeishiwa nguvu.”

Mimi na dereva tulirudi kituoni saa saba. Nilijaribu mtambo tulipofika, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Nikajaribu baada ya kukaza nyaya, halafu baada ya kuzilegeza, maana huenda nilikaza mno. Nilifuta vichwa vya betri kwa majivu, nikavipaka mafuta, nikaona nimepaka kimoja zaidi ya kingine, nikafuta vyote. Kila mara nilihesabu kwenye kipaza sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Saa kumi mshale ukawa umeanza kuanguka tena. Sitaficha: nililia kidogo, nikiwa nimeshika bisibisi.

Mpishi wa kituo, mzee wa Kiiraqw, aliniita jikoni. Maharage yake yalikuwa motoni tangu alfajiri. Kule juu huchukua siku nzima kuiva.

“Kijana, tangu mrudi Karatu umehesabu mpaka tano mara ngapi?”

“Mara chache tu, mzee. Najaribu.”

“Kila ulipoanza nimeweka punje mezani. Haya, hesabu na hizi.”

Zilikuwa arobaini na tatu.

“Mimi redio siijui,” alisema. “Lakini mtu anayefunua funua sufuria namjua. Huyo halali ameshiba.”

Nikakaa juu ya gunia. Taa za kioo zilizo ndani ya mtambo hula umeme tangu unapowasha, hata usiposema neno. Ukisema, zinakula maradufu. Nilijua hilo. Lilikuwa kwenye sura ya pili, na nilikuwa nimelipigia mstari kwa wino mwekundu, kwa rula.

Mpishi alitoa kipaza sauti, akakitia ndani ya kopo la sukari, akalikalia. Betri iliyochoka ikipumzika hurudisha nguvu kidogo. Mimi sikupumzika. Asubuhi nilipoomba nijaribu mara moja tu, aliniuliza kama nataka chai.

Saa mbili kamili alinikabidhi kipaza sauti, kina chembe za sukari. Niliita mara moja.

“Tunakupata vizuri,” Arusha wakajibu. “Hitilafu ilikuwa nini?”

Ningeweza kusema waya.

“Mwendeshaji,” nikasema.

Arusha wakasema: “Utaratibu unaujua. Chenye hitilafu kiletwe Arusha na lebo yake.”

Niliandika lebo mara nne kabla herufi hazijanyooka. Kifaa: mwendeshaji. Dalili: hujaribu mno. Nikaishika mapajani njia nzima ndani ya lori, nikiwa na hakika kwamba nafukuzwa.

Fundi mkuu aliisoma bila kucheka. Akaniketisha mbele ya mtambo uliozimwa, akaniambia nisiuguse, akaenda kazini. Alirudi wakati wa chakula. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda mapajani. Akageuza lebo, akaandika: Kimekaguliwa. Kinafanya kazi. Kirudishwe.

Kituoni nilikuta mpishi ameita Arusha asubuhi hiyo kwa niaba yangu, mara moja tu, na wamemsikia. Lebo ilihitaji sahihi ya mpokeaji. Alichovya kidole gumba kwenye mchuzi wa maharage, akanipokea.