Mlolongo Mfupi Kuliko Yote

Nimerudi Doonside, rafiki yangu, na hata mimi sijui vizuri kwa nini. Hapa ndipo nilipoanzia nilipofika Sydney. Baadaye nikahamia Ingleburn kufunga masanduku kwenye ghala, kisha nikasogea karibu na Port Botany, ambako malori ya makontena hukupangia saa za kulala. Sasa nimerudi mtaa ule ule wa mwanzo. Wewe unanijua, mguu wangu haukai. Wenzangu huhama kufuata kitu. Mimi nadhani nahama ili nirudi kutazama kama nilichokiacha bado kipo.

Na kipo. Nyumba za matofali mekundu bado zimekaa zimepeana migongo, kamba za nguo zinazunguka nyuma ya nyumba kama miavuli iliyochunwa kitambaa, na wale ndege weupe wenye kishungi bado wanagombana juu ya nyaya za umeme jioni. Duka la Mhindi karibu na stesheni linauza mihogo iliyogandishwa na unga wa ugali. Nilirudi zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya uchaguzi wa jimbo, lakini ungepita mtaani usingejua. Kwenye televisheni tuliona wagombea wa maeneo mengine wamevaa kofia ngumu za ujenzi, wakiahidi hospitali na reli. Kwetu hakuja mtu kuahidi hata taa ya barabarani. Kulikuwa na bango moja tu kwenye uzio wa shule, la mama mbunge yule yule niliyemwacha, na jua lilikuwa limeshaanza kumpausha mashavu.

Eneo bunge kama letu wanaliita kiti salama. Chama kimoja hushinda, kimeshinda tangu zamani, na kitashinda. Jirani yangu mzungu, mstaafu wa reli, alinieleza huku akimwagilia maua yake.

"Mate," akaniita, ndiyo rafiki kwa Kiingereza chao, "hapa hata mbwa wangu wakimvalisha fulana ya chama kile, Jumapili tutamwita mheshimiwa."

"Basi wewe hutaenda kupiga kura?"

Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Nisiende? Na soseji wanazochoma pale kituo cha kura je?"

Nikacheka, lakini nilirudi ndani nimechanganyikiwa. Kule kwetu nilikozaliwa, mtu akijua mshindi mapema, hutafuta pa kujificha. Huyu alikuwa anatafuta chakula.

Aliyenichanganya zaidi ni jirani wa upande wa pili, mama Mrundi tunayefanya naye kazi ya kuwatunza wazee. Yeye alikulia kambini Tanzania, akaletwa huku na watoto, na uraia ameupata juzi juzi. Hajawahi kupiga kura ya karatasi maishani mwake. Alikuja jioni moja na bakuli la maharage, kisingizio tu, akaketi jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Dada, huyu mama wa kwenye picha amekwisha shinda. Sasa mimi naenda kufanya nini pale kwenye biro ya kura? Na kama siko naenda, serikali inanipiga faini!"

"Unaenda, unaandika nambari yako kando ya jina la unayemtaka, unarudi."

"Na watajua nimeandikia nani?"

"Hawatajua."

"Hm." Alisukuma bakuli mbele, akalirudisha. "Kambini pia walikuwa wanasema hivyo. Halafu kuchagua kiongozi wa eneo, unasimama nyuma ya mtu wako, kila mtu anaona. Dada, nyumba yangu ni ya serikali. Wakikasirika, mimi na watoto tutaenda wapi?"

Nilimwambia hapa hakuna mtu ananyang'anywa nyumba kwa kura. Nilimwambia vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini alipoondoka nilikaa nikiyatazama yale maharage, kwa sababu niliwahi kumwona mtu akinyang'anywa kitu kwa kura, na mtu huyo alikuwa nyanya yangu.

Jumamosi ya kura tulikwenda pamoja, mimi, yeye na binti yake, hadi shule ya msingi. Tulisikia harufu ya vitunguu kabla ya kuona geti. Nje watu wenye fulana za rangi walitugawia vikaratasi vya kutuelekeza namna ya kuandika, na jirani yangu akavipokea vyote, cha kila chama, akavishika kifuani kama mtu anayebeba mayai. Mimi nilisimama kidogo kutafuta leseni yangu mkobani. Nilipoinua kichwa, hayupo.

Alikuwa amesimama kwenye mlolongo. Ulikuwa mrefu, umepinda hadi kwenye bembea za watoto, na mwanzo wake ulikuwa kando ya bango kubwa la mama mbunge, lile lile la mashavu yaliyopauka. Jirani yangu alikuwa amenyooka, mikono ubavuni, kidevu juu, akimtazama yule mama wa pichani ili hata mama mwenyewe aone kwamba fulani amefika. Alisimama kama mtu anayengoja kuhesabiwa.

Binti yake alishika kichwa. "Mum! That's the sausage line!" Mama alikuwa amepanga foleni ya soseji, si ya kura.

Watu wakacheka, wakacheka vizuri, bila ubaya, na mzungu mmoja akamwambia asijali, akae hapo hapo, chakula kwanza. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeshafika mbali.

Nilikuwa mlimani kwetu, asubuhi ya ukungu, na mguu wangu mtupu ndani ya umande. Nilikulia kwa nyanya, kwenye vilima vya majani chai. Asubuhi tulikuwa tunafunga nailoni kiunoni ili matone yasitulowanishe, tunachuma majani mawili na chipukizi lake, mawili na chipukizi, hadi vidole vinakuwa vyeusi na havitakati hata kwa ndimu. Mchana tulibeba vikapu mgongoni hadi kituo cha kuuzia chai, ambako karani alining'iniza mizani na kila mtu akabishana nayo. Ndani ya uzio wa kituo hicho, pembeni, ndipo nyanya alipokuwa na benchi lake la uji. Benchi lilichongwa na babu kabla sijazaliwa. Uji ulikuwa wa wimbi, umechachushwa, mzito, na ulinukia moshi. Wachumaji wote walikunywa pale. Mpaka leo nikisikia baridi ya kweli, ulimi wangu huutafuta uji ule, na Sydney nzima haina.

Mbunge wetu naye alikuwa wa kiti salama. Alipita kila mara, na kabla ya kupita watu walikuwa wameshampongeza. Sasa ikaja ile kura ya mlolongo, huenda wazazi wako walikusimulia. Hakukuwa na karatasi. Kila mgombea aliinuliwa picha yake uwanjani, nawe ukasimama nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, chifu akihesabu mabega kwa fimbo yake. Aliyejitokeza kumpinga mbunge alikuwa mwalimu wetu mstaafu, mtu mwembamba, mgomvi, mfugaji wa mbuzi. Mbuzi hao waliwahi kuingia kwenye nduma za nyanya wakazimaliza hadi mizizi, na tangu hapo nyanya na mwalimu walikuwa wakipishana njiani kama wageni. Wiki ile ile ya kura nilimsikia nyanya akimwita mwizi mwenye miguu minne.

Siku yenyewe tulipeleka sufuria ya uji uwanjani, maana penye watu pana wanywaji. Mlolongo wa mbunge ulizunguka uwanja, ukapita mlingoti wa bendera, ukarudi. Wa mwalimu ulikuwa mfupi kuliko yote niliyowahi kuona, mfupi kuliko wa watoto wanaongoja kunyolewa. Watu wake wangetosha kwenye benchi letu na nafasi ikabaki. Mwalimu mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyanya akaweka chini kata ya uji. Akajifuta mikono kwa leso. Akaanza kuvuka uwanja.

Wanawake wenzake wa chai walimpungia kutoka mlolongo mrefu. "Huku! Mama, huku! Tumekuwekea nafasi!" Akawapita. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Jamani, mama wa uji amepotea mlolongo!" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyanya hakugeuka. "Sijapotea," akasema. "Macho ninayo." Akaenda kusimama mkiani, nyuma ya mwizi wa nduma zake, na mwalimu akageuka kumtazama kwa mshangao kuliko mtu yeyote pale.

Chifu alikuja akihesabu. Alipomfikia nyanya, fimbo ikabaki hewani. Alikuwa amekunywa uji wake tangu utotoni. Nikamwona nyanya akimwambia jambo, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Nihesabu, mwanangu. Usiniruke."

Akahesabiwa. Mbunge akapita, kama ilivyojulikana.

Hakukupita muda, tukafika kituoni tukakuta benchi la babu limetupwa mtaroni, miguu juu. Karani alisema, bila kuinua macho kwenye mizani, kwamba uji hauruhusiwi tena ndani ya uzio, ni amri. Nyanya hakumuuliza ni amri ya nani. Tulilivuta benchi, tukalipandisha mlima, mimi mbele yeye nyuma, hadi kwenye kona ya barabara ambako hakuna mtu alikuwa na haja ya kupita. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nikamuuliza kwa nini, nyanya, kwa nini yule, na mbuzi wake?

"Mbuzi ni mbuzi," akasema. "Mlolongo ni mlolongo."

Basi. Hilo ndilo jibu nililopewa, na nimelibeba nchi hadi nchi kama mzigo ambao sijui umefungwa nini. Siku kadhaa hatukuuza kitu, tulikunywa uji wetu wenyewe. Kisha wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, wakipanda kilima kizima na vikapu mgongoni, wale wale wa mlolongo mrefu. Hawakuomba radhi wala hawakutaja uwanja. Walikunywa wakitazama bondeni, wakarudisha vikombe kwa mikono miwili, wakashuka. Alikuja hata mke wa chifu. Benchi halikurudi kituoni kamwe, na nyanya alizeeka akipanda mlima ule.

"Dada! Uko wapi?" Jirani yangu alikuwa ananivuta mkono. "Twende, tumalize."

Ndani palikuwa kimya, kama kanisani siku isiyo ya ibada. Walitafuta majina yetu, wakatupa karatasi mbili, moja ndogo na moja kubwa kama shuka, wakatuonyesha vibanda vya boksi vyenye penseli. Nikaingia cha kwangu. Kuta za boksi zilinifika mabegani pande zote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mshindi nilikuwa namjua. Kama ningemwandika, ningekuwa mtu wa mlolongo mrefu. Kama ningemwandika mwingine, hakuna benchi lingetupwa mtaroni, hakuna ambaye angenicheka, wala kunipandia mlima. Hii ni heri, najua ni heri. Nyanya angekuwa na kibanda kama kile, angezeekea ndani ya uzio. Au angekiangalia kile kiboksi akauliza kinamficha nani. Sijui. Niliandika nambari zangu, nikakunja, na kwa mazoea ambayo si yangu nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Alikuwepo kijana mwenye visikizi masikioni, akingoja penseli.

Yote yale yameondoka, rafiki yangu. Nyanya ameondoka, na mwalimu na mbuzi wake, na nasikia hata kituo cha chai kimehamishwa. Mlolongo wa uwanjani uliondolewa, na ulistahili kuondolewa. Najikuta nakumbuka kitu kibaya kwa upendo, na sijui nikiweke wapi.

Tulipotoka tulirudi kwenye ule mlolongo wa mwanzo, safari hii kwa soseji. Jirani yangu wa reli alikuwa mbele, mbwa wake ameketi miguuni pake, na akatuinulia mkate wake kama mtu anayesema, si niliwaambia. Jirani yangu Mrundi alininong'oneza, ingawa hakuna mtu hapo angeelewa Kiswahili chetu.

"Dada, niambie kweli. Uliniona nilipoandika?"

"Sikukuona."

"Na wengine?"

"Hakuna aliyekuona."

Akafungua koti lake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akamwita binti yake akamnunulia soseji mbili, yenye vitunguu na isiyo na vitunguu. Nyumba yake ilikuwa salama, na nilifurahi, nilifurahi kweli. Nikangoja kidogo huku mlolongo ukisogea, nikidhani sasa ataniuliza na mimi nilisimama nyuma ya nani.

Hakuuliza.